Leleshwa za Menengai

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni tulipopelekwa Menengai, kreta ya volkeno karibu na mji wa Nakuru, Kenya, kujifunza kuhesabu mimea. Sisi tuliokulia Nakuru, kreta hiyo tuliijua kwa hadithi: mashetani, mvuke unaofuka kati ya mawe, Wamaasai wa Laikipiak waliotupwa humo na wenzao wa Purko katika vita vya karne ya 19. Habari za mimea yake hakuna aliyewahi kunisimulia.

Kreta yenyewe ina kama kilomita 12 kwa 8. Ilitokea mlima ulipoporomokea ndani baada ya mlipuko mkubwa, kisha lava, yaani mawe yaliyoyeyuka, ikaendelea kutoka sakafuni kwa nyakati mbalimbali, mtiririko huu ukilala kando ya ule au kuufunika. Ukisimama ukingoni unaona mabaka: hapa peusi, pale kijivu, kule kijani. Nilidhani ni vivuli vya mawingu. Tuliposhuka ndipo nikaelewa kwamba ni tofauti za umri wa lava.

Tulianza kwenye lava changa, ingawa hata hiyo ni ya kale kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote. Mawe yalilia chini ya viatu kama vigae vya chungu. Tukatandika mraba wetu wa kamba wa kuhesabia mimea tukapiga magoti. Kwa mbali ungesema hapana kitu, lakini jiwe lilikuwa limevaa laikeni, ule utando wa kijivu ambamo kuvu na mwani huishi pamoja. Mle nyufani vumbi lililoletwa na upepo lilikuwa limetulia, na juu ya vumbi hilo kulikuwa na kangaga mdogo, majani yake ya umbo la upepeo yamekauka na kujikunja. Mwenzangu alitaka kuandika "mfu". Mwalimu akamwambia amwagie maji ya chupa kwanza. Tuliporudi kupitia pale jioni majani yalikuwa yameanza kukunjuka, rangi ya kijani imerudi.

Kwenye lava kongwe leleshwa, miti midogo ya vichaka, zilikuwa zimeshika eneo lote. Kila Mnakuru ameiona leleshwa, lakini ni wachache walioitazama. Jani lake juu ni kijani cha kufifia, chini ni jeupe lenye manyoya laini, na ukilifikicha linatoa harufu ya kafuri. Wamaasai hulitumia kujinukisha kwapani. Kuna miti dume na kuna miti jike, na mbegu za jike zimefunikwa pamba nyeupe ambayo upepo huibeba. Hivyo ndivyo inavyofika katikati ya bahari ya mawe ambako hakuna mto wa kuileta.

Lakini inaota kwenye nini? Hilo lilinisumbua, maana sikuona udongo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alitusimamia muda mrefu, kisha akaniita.

"Binti, mbona mnatafuta udongo juu? Ingiza mkono hapo."

"Hakuna nyoka, mzee?"

"Nimeshapatazama. Ingiza."

Nikaingiza mkono ufani hadi kwenye kiwiko. Jua lilikuwa kali, lakini kule chini palikuwa na ubaridi, na vidole vyangu vikagusa udongo mweusi wenye unyevu, uliojaa mizizi. Majani yaliyooza, laikeni zilizokufa, vumbi, samadi, vyote vilikuwa vimejikusanya mle kwa karne nyingi. Shamba lilikuwa chini ya jiwe.

Mzee akatupeleka mbele kidogo atuonyeshe jambo lililomkera. Makaa ya leleshwa yanapendwa kwa kuwa yanakaa na moto, na yale ya kisiki ndiyo bora. Palipokatwa shina tu, kisiki kilikuwa kimechipua fimbo nyingi nyembamba, zenye afya. Palipochimbwa kisiki chenyewe, mawe yalikuwa yametenguliwa kwa mtaimbo, na mvua ilikuwa imeshausomba udongo wote ufani. Jiwe tupu, jeupe pale lilipovunjika. Hata laikeni haikuwa imerudi.

Nilikasirika, na bado nakasirika. Anayeng'oa kisiki shambani anaweza kupanda mti mwingine mwaka unaofuata. Pale kwenye lava hakuna pa kuupanda mpaka udongo ujikusanye upya, na hakuna hata mmoja wetu atakayeishi kuuona. Mtu mwenye njaa simlaumu. Ila angeweza kukata juu ya kisiki, akarudi baada ya miaka akakata tena.

Fomu yetu haikuwa na mahali pa kuandika visiki vilivyong'olewa. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo, idadi ya mashimo niliyoyaona. Usiku mwalimu alipokuwa akikagua fomu aliniuliza ni nini kile. Nikamweleza, na mzee nikamtaja. Kesho yake fomu za darasa zima zilikuwa zimepigwa mstari mpya kwa rula, na yule mzee, mbuzi wake wakiwa nyuma, ndiye aliyetutangulia njia.