Kurasa za nyuma za daftari la vipimo: wiki ya tano

Asiyejua nilikoanzia, ni hivi. Nashona nguo barazani, Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Mbele yangu kuna kiwanja kidogo cha mchanga chenye mkungu mmoja. Kuanzia saa nane mchana, wa shule wakisharudi na kula, hadi muda wa kwenda chuoni, yaani madrasa, kiwanja kile ni mali ya watoto. Wakubwa hupita tu, hawakai. Miaka kumi na moja nimewasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Kisha mpwa wangu, anayesomea ualimu wa awali, akapewa kazi ya kumwangalia mtoto mmoja akicheza, akaja kuifanyia kwangu. Alikaa siku mbili, akapata alama zake, akaenda zake. Mimi ndiye niliyenasa.

Mradi wenyewe ni kuandika wanachofanya watoto pasipo mtu mzima wa kuwaambia wafanye nini. Vifaa ni kurasa za nyuma za daftari la vipimo, kalamu ya risasi na saa ya simu. Picha sipigi. Majina yao nimeyaficha kwa majina ya vitambaa: Satini (miaka tisa, na mdogo wake mgongoni karibu kila siku), Khaki, Dengrizi, Kaniki, na Popleni ambaye ana miaka minne. Mama zao nimewaambia. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo mwanangu akitukana utaniambia?" Nikamjibu hapana, shoga. Hakufurahi.

Utaratibu nimeuazima. Miaka ya 1950, John na Beatrice Whiting wa Marekani walisimamia utafiti wa watoto katika jamii sita za dunia, mojawapo ni ya Wakisii huko Kenya. Mtoto mmoja aliandikwa kwa dakika tano, kisha mwingine. Kwa fundi ni kipimo kizuri, maana dakika tano ni pindo moja la sketi.

Wiki ya kwanza niliandika upuuzi. "Wanacheza vizuri." "Wanagombana." Ukiusoma kesho yake huoni mtoto hata mmoja. Tena nilikuwa nikisimamisha cherehani ili niandike, nao wakawa wananyamaza na kunitazama. Kelele yangu hawaisikii, ila kimya changu kinawashtua. Nikaamua niwe nakanyaga huku naandika. Siku ya pili ya ujanja huo nikashona mdomo wa mkono wa gauni la mteja ukafungika kama mfuko wa mto. Sasa wakati wa kuandika natoa kitambaa na uzi, nakanyaga mtupu.

Kosa jingine la wiki hiyo lilimhusu Popleni. Mara tatu nilimwandika "hachezi", kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye mzizi wa mkungu mikono nyuma. Mpwa wangu akanionyesha karatasi yake ya darasani. Kuna Mmarekani, Mildred Parten, aliyechapisha mwaka 1932 mafungu ya namna watoto wanavyoshiriki mchezo: anayecheza peke yake, anayecheza kando ya mwenzake bila kushirikiana naye, wanaocheza pamoja, na mengine. Mtazamaji ana fungu lake. Nilipomwangalia tena Popleni nikaona anacheka pale wanapocheka, anapiga kelele "nyuma yako!", na mpira ukitoka nje yeye ndiye anayeukimbilia. Nikafuta "hachezi" mara tatu.

Wiki ya pili ilikuwa ya rede. Mpira wake una ubia: soksi ni ya kaka yake Satini, vipande vya ndani vinatoka sakafuni kwangu, kamba ya kufungia ni ya Khaki. Mmoja anasimama kati akijaza chupa mchanga, wawili wanamlenga kutoka pande mbili. Jumatano nilipima kwa saa. Tangu walipopanga pande hadi walipoacha zilipita dakika 23, na katika hizo mpira uliruka dakika tisa tu. Zilizobaki zote ni maneno.

Tena maneno ya maana. Siku hiyo kesi ilikuwa mpira uliogusa gauni la Kaniki bila kumgusa mwenyewe. "Nguo si mtu!" Kaniki akashikilia. Dengrizi akauliza, "Na ungekuwa uchi ungekupata?" Wakarudia kwa kupimana: mmoja anashika mpira, mwingine anasimama pale pale alipokuwa, wa tatu ananyoosha upindo. Mwisho ikapita kwamba mwenye gauni pana alichomeke, na asiyechomeka nguo yake ni mwili wake. Khaki hakuridhika, akasema anachukua kamba yake anaondoka. Satini, bila hata kugeuka, mdogo wake akimning'inia, akamwambia, "Chukua. Soksi ibaki." Khaki akaitazama ile kamba, akakaa.

Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba nimekuwa nikiandika kitu kisicho chenyewe. Nilikuwa naruka mabishano nikisubiri mchezo urudi. Siku hizi saa naiwasha wakianza kubishana.

Gololi ziliniletea hamu ya kuuliza maswali. Jean Piaget aliwahi kukaa na watoto wa Uswisi akiwauliza kanuni za gololi zao, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1932. Aliona kwamba wadogo huzichukulia kanuni kama kitu kilichoshushwa na wakubwa na kisichogusika, hata kama wenyewe kila mmoja anacheza anavyojua. Popleni alipokuja kuomba kipande cha kitambaa nikamuuliza, nani aliweka kwamba gololi ikiingia shimoni unapiga tena?

"Wakubwa."

"Wakubwa gani?"

"Wa darasa la tatu."

Nikamuuliza na Dengrizi, ambaye ni huyo huyo wa darasa la tatu. Akasema, "Tumeitoa Barabara ya Kumi, lakini wao wanapiga mara mbili. Sisi tumeikataa." Dakika mbili baadaye nikajuta kuuliza, kwa sababu tayari walikuwa wananieleza mimi mchezo badala ya kuucheza.

Wiki ya tatu niliharibu kabisa. Khaki na Dengrizi walikuwa wameshikana kola, mmoja akidai mwenzake amesogeza mkono kabla ya kufyatua. Nikasahau daftari, nikapaza sauti: "Mpe mwenzio gololi yake!" Akampa. Wakaachana. Haikupita dakika moja kiwanja kikawa kitupu, na hakuna aliyerudi siku ile. Usiku nikarudi kwenye kurasa zangu nikahesabu: mabishano ya gololi niliyoyaandika yalikuwa 17, na 12 yaliisha kwa neno moja, "rudia". Anarudia kufyatua, yaliyopita hayapo. Mimi nilitoa hukumu yenye mwenye haki na mwenye kosa, wala hawakuwa wameiomba.

Sisemi mtu mzima asiingilie kamwe. Jiwe likishikwa naingilia, na limeshashikwa mara moja.

Wiki ya nne ndiyo nimeisoma mara nyingi. Wanacheza kombolela. Mlinzi analinda kopo, akikuona anakimbia kulipiga huku akikutaja, umekamatwa. Lakini aliyejificha akiwahi kulipiga teke, amekomboa wote. Popleni huwamo, ila "hahesabiwi". Hakuna aliyekaa akaitunga kanuni hii mbele yangu, nimeikuta. Anajificha nyuma ya mkungu tumbo likiwa nje, na mlinzi anapita akiangalia juu kama mtu anayetafuta kungu zilizoiva. Hakamatwi, halindi, hapigiwi kelele. Hata Dengrizi, ambaye kwa gololi hana huruma na mtu, anageuza uso.

Alhamisi Dengrizi alikuwa mlinzi, wanne wameshakamatwa, amebaki Kaniki. Popleni akatoka nyuma ya mti bila haraka, akatembea hadi kwenye kopo, akalipiga teke. Halikwenda mbali. Waliokamatwa wakatawanyika wakipiga vigelegele.

"Huyu hahesabiwi!" Dengrizi akapiga kelele, karibu alie.

Kaniki akatoka alikojificha, nyuma ya pipa langu la maji, na kusema kitu nilichokiandika papo hapo huku mguu ukisahau kukanyaga: "Yeye hahesabiwi. Kopo linahesabiwa."

Ilichukua dakika kumi na moja. Hoja ya Dengrizi ilikuwa nzuri, nadhani mimi ningempa ushindi: kama angejua Popleni anaweza kukomboa angemkamata mapema, maana amemwona tangu mwanzo. Wenzake hawakuikanusha. Wakakata hivi: teke limepita, lakini kuanzia kesho Popleni anahesabiwa. Ijumaa akakamatwa wa kwanza, pale pale nyuma ya mkungu, tumbo nje. Akalia sana, akasema hataki kuhesabiwa. Kaniki akamwinamia. "Haiwezekani. Ushakomboa."

Wiki hii ya tano nina kurasa chache. Jumanne nilirudi kutoka dukani kununua vifungo na kukuta Satini amekaa barazani kwangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndala mbili chini ya miguu yake, anakanyaga. Mbele yake kiti. Mkononi kipande cha boksi na kijiti. Alikuwa akikanyaga, ananyanyua macho kidogo kuelekea kiwanjani, anainama kuandika, anachomeka kijiti kwenye nywele. Kaniki na Khaki walikuwa wanajifanya wanacheza gololi. Kila walipomtazama aliwaambia kwa sauti yangu, na kwa kweli ni yangu, "Endeleeni tu, mimi nashona."

Nikakaa kwenye ngazi ya jirani nisionekane. Baadaye Satini akawaita mmoja mmoja awasomee alichoandika. Khaki akauliza, "Mimi umeniandika nini?" Akageuza boksi, akasoma: "Kifua thelathini na nane. Kiuno thelathini na nne. Anapenda kugombana."

Popleni akaniona. "Shikamoo fundi." Ndoo ikaachwa, boksi likatupwa chini ya mkungu, wakaenda kulitafuta kopo.

Boksi nimeliokota. Satini hajui kusoma futi: kwa kipimo hicho Khaki anaenea shati la baba yake mdogo. Jumatatu nitamfundisha, na cherehani nitaisogeza nyuma ya mlango, nione kama watanisahau upya.