Anzia jikoni: likizo za kiangazi na watoto katika majumba ya kale ya Uingereza

Ukiwaingiza watoto katika jumba la kale la Uingereza kupitia mlango wa mbele, utawachosha kabla hamjafika ghorofani. Watakutana na sebule iliyozungushiwa kamba, viti ambavyo haviruhusiwi kukaliwa, picha za mabwana waliovaa nywele za bandia, na sauti ya mama yao ikisema msiguse. Sisi huanzia jikoni. Huo ndio utaratibu uliotuvusha likizo za kiangazi miaka hii, na ninauandika kwa ajili ya wazazi wenzangu tunaoishi huku, hasa wale wanaoyaona majumba haya kwa mbali na kuhisi kwamba hayawahusu.

Shule za England hufunga kwa takriban wiki sita, kuanzia mwishoni mwa Julai. Mzazi anayefanya kazi za zamu anajua uzito wa wiki hizo. Viwanja vya michezo vya kulipia vinamaliza mshahara, na kumwachia mtoto simu kutwa nzima ni jambo ambalo mimi na baba watoto hatukulitaka. Tunaishi upande wa Manchester, na ukitoka nje ya mji kidogo tu unakuta majumba ya kale yenye bustani, mashamba na misitu. Tukanunua uanachama wa familia wa National Trust, shirika la hisani linalotunza majumba ya kale na maeneo ya wazi. Unalipiwa mara moja kwa mwaka, mnaingia kila mnapotaka, na sehemu nyingi hata gari hamlipii maegesho. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1895, na mmoja wa waasisi wake watatu, Octavia Hill, alikuwa mwanamke aliyepigania makazi bora ya maskini wa London na kuamini kwamba mtu wa mjini asiye na ardhi anahitaji mahali pa wazi pa kupumua. Nilipolijua hilo niliacha kabisa kujiona mgeni pale getini. Familia kama yetu ndiyo aliyoifikiria.

Lakini aliyetufundisha kuanzia jikoni ni mama yangu. Alikuja kututembelea kutoka Lushoto kiangazi kimoja, na watoto walikuwa wanamjua zaidi kwa simu. Hajui Kiingereza. Nilidhani atapenda bustani, akae kwenye benchi apate jua. Tulimpeleka Erddig, karibu na mji wa Wrexham kule Wales, na pale mgeni haingizwi kwa mlango mkuu hata kidogo. Njia inapita uani: karakana ya seremala, kwa mhunzi, mazizi ya farasi, chumba cha kufulia, tanuri la mkate, ndipo ufike jikoni. Kwenye chumba cha kufulia Mama alisimama, na hakuondoka upesi.

Pasi za chuma zilikuwa zimepangwa, na mzee mmoja wa kujitolea alikuwa akiwauliza watoto wa wageni kama wanajua zilitumikaje. Mama alimwambia binti yangu mkubwa, "Mjukuu wangu, mwambie hizi zinawekwa juu ya jiko mpaka zipate moto. Yangu mimi ina mlango, tunatia mkaa ndani, na jivu likidondokea shati la babu yako unafua upya." Binti akatafsiri. Mzee akauliza, mlijuaje kwamba moto umetosha? Mama akalowesha kidole mdomoni, akaigusa hewa haraka, akasema, "Unasikiliza inavyolia." Mzee alifurahi sana, akatuonyesha na vitu vingine ambavyo hakuwa amevitaja kwa wageni waliotangulia. Kuanzia hapo watoto wangu walimfuata bibi yao chumba kwa chumba, maana yeye alikuwa anavijua vyombo kwa mikono yake: sufuria za shaba, mbao za kukandia unga, vyungu vya maziwa. Nao walilazimika kusema Kiswahili siku nzima, kwa kuwa mkalimani asiyejua lugha hana kazi. Miaka ya kuwabembeleza waongee nyumbani haikufanya lililofanywa na likizo ile.

Erddig ina jambo jingine ambalo sijaliona kwingine kwa wingi ule. Ukoo wa Yorke uliomiliki jumba hilo ulikuwa na desturi ya kuwachora watumishi wao, na baadaye kuwapiga picha, wakiambatanisha mashairi yanayowasimulia: seremala, mpishi, mlinda wanyama wa msituni. Nyumba nyingi zimehifadhi sura za mabwana tu. Hapa unamwona aliyepasua kuni, na jina lake unalisoma. Ukutani kuna safu ya kengele zilizounganishwa na vyumba vya juu, zimening'inizwa kwenye vyuma vilivyojipinda ili ziendelee kutikisika hata sauti ikiisha, mtumishi aliyechelewa kuinua kichwa aone ni chumba kipi kinamwita. Watoto walisimama chini ya kengele zile muda mrefu, wakigawana vyumba.

Katika picha hizo yumo kijana mweusi aliyevaa sare, ameshika pembe. Jina lake halijulikani. Hata shairi lililoandikwa kwenye picha yenyewe linakiri kwamba habari zake ni chache. Mwanangu wa kiume aliuliza kwa nini hawakumwuliza mwenyewe jina lake. Sikuwa na la kumjibu zaidi ya ukweli: wengine walionekana wanastahili kuulizwa na wengine hawakuonekana hivyo. Tulikaa mbele ya picha ile kuliko mbele ya kitu kingine chochote siku hiyo. Nawaomba wazazi wenzangu msiwapitishe watoto haraka mahali kama hapo. Mwaka 2020 National Trust yenyewe ilitoa ripoti iliyotaja mahali 93 inapopatunza penye uhusiano na ukoloni na utumwa. Majumba haya yana sehemu ya historia yetu ndani yake, na mtoto akiisikia kutoka kwa mzazi wake, akiwa amemshika mkono, haimvunji.

Little Moreton Hall, iliyoko Cheshire, ilimpa Mama furaha ya aina nyingine. Ujenzi wake ulianza mwaka 1504 hivi. Ni nyumba ya mbao nyeusi na kuta nyeupe, imezungukwa na mfereji wa maji, na imepinda hadi unashangaa inasimamaje. Mama aliukagua ukuta, akaangalia jinsi mbao zilivyojazwa katikati, akasema, "Hawa wamekandika." Ni kweli. Kati ya nguzo walisuka fito, wakakandika udongo, kama nyumba aliyozaliwa yeye mwenyewe. Watoto wangu walikuwa wamekulia matofali, na nyumba ya udongo kwao ilikuwa picha ya umaskini wa Afrika. Siku hiyo waliona nyumba ya fito na udongo ambayo watu hulipa kuiona, iliyomilikiwa na matajiri, iliyodumu miaka 500. Mdogo wao alivutiwa zaidi na vyoo vilivyojengwa kuning'inia juu ya mfereji. Nikamwacha avichunguze mpaka aliporidhika.

Kama una siku moja tu ya kwenda mahali, nenda Quarry Bank, kijijini Styal, karibu na uwanja wa ndege wa Manchester. Samuel Greg alijenga hapo kiwanda cha kusokota pamba mwaka 1784, kikiendeshwa kwa nguvu ya mto. Gurudumu la maji lipo, na mitambo ya kufuma ikiwashwa hamwezi kusikilizana. Wafanyakazi wa zamani walisomana midomo. Mwaka 1790 ilijengwa nyumba ya watoto wanagenzi, wengi wao wakitolewa katika nyumba za kutunzia maskini, wakilala wawili wawili kitandani, wakifanya kazi saa 12 kwa siku, wakila uji mzito wa shayiri. Mwaka 1806 wavulana wawili, Thomas Priestley na Joseph Sefton, walitoroka wakaenda hadi Hackney, London, kwa mama zao. Thomas alikuwa na miaka 13 na mashine ilikuwa imemkata kidole. Binti yangu alikuwa anakaribia umri huo. Aliuliza walikula nini njiani.

Mama alisikiliza tafsiri yote, kisha akaanza kusimulia habari za baba yake, aliyeshuka milimani kwenda kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanga, na kipande alichopewa, karatasi iliyowekwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie 30. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo kwa urefu ule. Nami nikawaeleza watoto upande wa pili: kwamba familia ya Greg ilimiliki pia shamba na watumwa katika kisiwa cha Dominica, na kwamba kwa miongo mingi sehemu kubwa ya pamba iliyosokotwa kwenye viwanda vya eneo hili ililimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Mkonge, pamba, mtoto wa Hackney, babu wa Lushoto. Waliviunganisha wenyewe wakiwa kwenye gari, kwa maswali yaliyotufikisha mpaka nyumbani.

Siku ya matembezi haijitoshelezi, ndiyo maana tuna kanuni: kila jumba linatuachia kazi moja ya kufanya nyumbani. Baada ya kuona tanuri la Erddig tulikanda mkate kwa mkono. Baada ya kuona chumba cha maziwa, Mama alitia krimu nzito ya dukani kwenye chupa ya jamu, akawapa watoto waisuke kwa zamu, kama yeye alivyosuka maziwa kwenye kibuyu. Kwa robo saa hivi siagi inajitenga, unaiosha kwa maji baridi, unatia chumvi. Mwezi Agosti tunachuma beri nyeusi kando ya mfereji wa boti, zinajiotea na hazina mwenyewe. Chuma zilizo juu ya kiuno, kwa sababu ya mbwa. Uzito wa beri kwa uzito uleule wa sukari, chemsha, na una jamu ya majira ya baridi.

Tulikodi pia nusu ya kishamba cha halmashauri. Foleni ya kuvipata ni ndefu, kwa hiyo andikisha jina mapema hata kama hujaamua. Maharage yanakubali, maboga yanakubali sana, na majani yake yakipikwa kwa karanga mtoto anakula bila kusukumwa, kwa kuwa amelima. Kuna jioni moja kila wiki hatuwashi taa wala runinga. Wazo hilo lilitoka kwa bwana wa mwisho wa Erddig, Philip Yorke, aliyeishi katika jumba lile kubwa bila umeme wa gridi, hadi alipolikabidhi kwa National Trust mwaka 1973 kwa sharti kwamba kisitolewe kitu. Jua la Julai huku linazama baada ya saa tatu usiku, hivyo giza halisumbui. Tunakaa nje, Mama anatoa vitendawili, na wakubwa wanaosema hawataki ndio wa mwisho kwenda kulala.

Kwa upande wa gharama, usinunue chakula ndani ukiwa na watoto wengi. Tunabeba mkeka, chapati, mayai ya kuchemsha, matunda na chupa ya chai. Bustani mara nyingi hufunguliwa saa nne asubuhi na nyumba yenyewe baadaye kidogo, kwa hiyo wakimbie kwanza nje, wakiingia ndani wana utulivu. Msijilazimishe kumaliza vyumba vyote. Kwetu jiko, vyumba vya watumishi na kitu kimoja atakachochagua kila mtoto vinatosha. Kama hamna gari, kadi ya treni ya familia inapunguza theluthi moja ya nauli ya mtu mzima na asilimia 60 ya mtoto. English Heritage, shirika jingine linalotunza majengo ya kale, inamruhusu mwanachama mmoja aingie na watoto hadi sita, na kwa wenye familia kubwa hesabu hiyo huenda ikawa nafuu zaidi. Asiye na uwezo wa uanachama asubiri Septemba, wakati wa Heritage Open Days, ambapo majengo mengi ya kihistoria England yanafunguliwa bure. Na ongeeni na wazee wa kujitolea. Wanazipenda nyumba hizi, na wengi wao hakuna mtoto aliyewauliza kitu tangu asubuhi.

Kiangazi hiki binti mkubwa ndiye aliyechagua: Penrhyn Castle, kaskazini mwa Wales, ngome iliyojengwa kwa mali ya sukari ya Jamaica, ya ukoo uliomiliki pia machimbo ya mawe ya kuezekea, ambako wachimbaji waligoma kuanzia mwaka 1900 hadi 1903. Amesoma habari za mgomo huo peke yake na ameshaandika maswali kwenye daftari. Mama anarudi Julai. Tumeshamwambia jiko la pale lina sufuria za shaba nyingi, naye ameuliza nani alikuwa anazisugua.