Mgahawa wa kishua ndani ya nyumba ya zamani Bagamoyo

Aisee watu mnaniuliza sana kuhusu ile kazi ya Mji Mkongwe Bagamoyo, ya kupanga na kupamba mgahawa kwa ndani, sio wa mama ntilie, ule wa vitambaa vya mezani na glasi za shingo ndefu, sa ngoja niandike mara moja.

Shughuli nzima ni nyumba yenyewe. Hizi nyumba za zamani kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haivuki mbali ndo maana vyumba vinakuwa virefu halafu vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Bosi wetu, mama mmoja wa Dar, kaja na picha za migahawa ya Dubai kwenye simu, makochi mapana, meza za duara za watu 8. Nikamwambia mama samahani, hapa meza ya duara ikiingia weita anabaki nje. Tukapiga baraza ya kujengea ukutani, ya kizamani kabisa. Baraza sentimita 45, meza 70, kiti na mtu aliyekaa 55, njia ya weita na sinia lake 90, jumla 260, chumba kina 270. Kumi za kupumulia, basi.

Halafu dari ya jipsamu. Yaani kila mtu akipata hela anataka jipsamu na vitaa vya nyota, boriti zote zinafichwa! Mi nilikataa. Na ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka, ukiupiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta umeuziba pua, chumvi inasukuma kutoka ndani na rangi inatuna mapovu inabanduka. Upande mmoja kuna mtu alishapaka hivyo zamani, ukigusa inakuja mkononi kama ganda la yai, ikabidi tukwangue yote turudishe chokaa. Mzee anayetupigia chokaa ukimharakisha anakuangalia tu, "mwanangu, hii ina siku zake", anaendelea na kazi. Na kabla hujagusa nyumba za hivyo pitia Mambo ya Kale kwanza, ile idara ya serikali ya majengo ya kihistoria, usije ukasimamishwa katikati.

Vyuma navyo, upepo wa bahari haubembelezi. Ukiambiwa stenlesi uliza ni daraja la 304 au 316, hiyo ya kwanza karibu na bahari inatoa madoa ya kutu, ya pili ni ghali ila inavumilia. Vitasa tumeweka shaba, ikichakaa inapendeza. Meza ni msaji wa Longuza, Muheza, fundi seremala anaujua kwa harufu.

Taa chukua zile za njano, kwenye boksi imeandikwa 2700K, ndo kipimo cha rangi ya mwanga, maana chini ya taa nyeupe kamba wa nazi anaonekana mgonjwa. Kelele ndo ilitusumbua, kuta ngumu sakafu ngumu watu kumi wakicheka utadhani harusi, tukajaza matakia ya sufi kwenye baraza na mapazia mazito, ikapungua.

Jikoni bado tunabishana. Mama alitaka bomba la moshi litokee uani, na palepale jirani anaanika nguo, kwa hiyo litapanda mpaka juu ya paa, maana yake feni kubwa zaidi, na hela ya feni haikuwemo kwenye bajeti.