Barua ya "jieleze" imefika wodini: kabla hujashika kalamu

Barua yenyewe huwa fupi. Inasema ujieleze kwa maandishi ndani ya saa 24 kwa nini usichukuliwe hatua za kinidhamu kufuatia kifo cha mgonjwa fulani. Muuguzi ametoka zamu ya usiku, usingizi umemjaa. Anaomba karatasi kwa inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anaandika kurasa mbili papo hapo, na mstari wa kwanza ni "naomba radhi sana kwa yaliyotokea." Hajui kwamba karatasi hiyo itasafiri. Itasomwa na kamati ya uchunguzi, huenda ikafika baraza la taaluma, huenda ikafika polisi, na kila atakayeisoma atalichukua neno "radhi" kama kukiri.

Siku ya kwanza mistari michache inatosha: "Nakiri kupokea barua yako yenye Kumb. Na. fulani leo tarehe fulani, saa 3:40 asubuhi. Ili nijibu kwa usahihi naomba kuona jalada la mgonjwa, patografu (chati ya maendeleo ya uchungu), chati ya dawa na ratiba ya zamu ya siku husika. Nitawasilisha maelezo yangu mara baada ya kuviona." Peleka masjala, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kunyamaza si kinga, maana ukinyamaza shauri litaendelea bila wewe.

Jalada usiliguse. Hili watu hulichukulia poa. Muuguzi anakumbuka kwamba saa fulani hakujaza mapigo ya moyo ya mtoto, anarudi wodini kujaza. Wino ni tofauti, nukta zimenyooka mno, na mwenzake wa zamu ya asubuhi alishapiga picha ya karatasi ile kabla. Pengo lilikuwa na maelezo: kina mama watano wanaojifungua, muuguzi mmoja. Kughushi hakuna maelezo. Kama kuna jambo la kweli ulilisahau, andika chini ya maandishi ya mwisho, weka tarehe na saa ya sasa, andika "nyongeza iliyochelewa", saini. Ukikosea neno, piga mstari mmoja ili lisomeke bado, weka saini pembeni. Kwa hospitali zilizohamia kwenye kompyuta ni kali zaidi, kwa sababu mfumo unatunza nani aliingia na saa ngapi. Mliozoea kuachiana nywila ili kazi iende, siku ya shida jina litakaloonekana ni lako.

Sasa suala la saa, ambalo halitajwi sana. Faili linaandikwa kwa saa za hospitali: 02:10. Maelezo ya polisi yanaandikwa kwa Kiswahili. Ukisema "mbili na dakika kumi" huku unasoma chati, askari ataandika saa 2:10 usiku, na hiyo ni 20:10. Umejiongezea saa sita. Ukimpigia daktari 02:14, ambayo ni saa 8:14 usiku, kwenye karatasi inaonekana mgonjwa alivuja damu tangu saa mbili usiku hadi saa nane bila msaada. Andika zote mbili: "02:10 (saa 8:10 usiku)". Na usiandike "nilimkuta hali mbaya". Andika ulichokiona: kanga mbili zimelowa damu, presha 80/50, mapigo 124, dripu imefunguliwa kwenye mkono wa kushoto, daktari wa zamu amepigiwa 02:14 hakupokea, amepigiwa tena 02:19 akapokea, akaagiza hiki. Agizo la simu lirudie kwa sauti, liandike na jina la aliyeagiza, na umdai asaini akifika. Hapo ndipo wauguzi wengi wanaona haya kumdai mkubwa saini.

Tukio moja linaweza kufungua milango mitatu, na kila mlango una saa yake. Wa kwanza ni wa mwajiri. Kwa mtumishi wa halmashauri au hospitali ya serikali, nidhamu inaendeshwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya Tanzania: hati ya mashtaka, muda wa kujibu ambao kwa kawaida ni siku 14, kamati ya uchunguzi, kisha uamuzi. Ukisimamishwa kazi wakati uchunguzi unaendelea, unastahili malipo yasiyopungua nusu mshahara. Ukishindwa, rufaa ni kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Watu hukosea hapa: wanakimbilia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa sababu jirani aliyefukuzwa kiwandani alikwenda huko akashinda. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma. Shauri linatupwa kwa kukosa mamlaka, na zile siku 45 zimeshayeyuka.

Ukiajiriwa hospitali ya binafsi mambo ni kinyume. Unapaswa kupewa taarifa ya kikao cha nidhamu angalau saa 48 kabla, una haki ya kuwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, na ukiachishwa kazi CMA ndiko kwenyewe, ndani ya siku 30. Siku 30 ni chache mno ukizitumia kuombewa msamaha na wazee wa kanisa au msikiti.

Mlango wa pili ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo linashika leseni. Mwajiri anaweza kukusamehe na Baraza lisikusamehe, kwa hiyo usidhani barua ya onyo kutoka kwa mwajiri imefunga jambo.

Wa tatu ni polisi. Uliza kabla ya kukaa: ninachukuliwa maelezo ya shahidi au maelezo ya onyo? Maelezo ya onyo maana yake wewe ndiye mtuhumiwa, na tuhuma inaweza kuwa kuua bila kukusudia au uzembe katika kutoa tiba. Una haki ya kuwasiliana na wakili au ndugu. Muda wa msingi wa mahojiano ni saa nne tangu uwekwe chini ya ulinzi, na ukiongezwa una utaratibu wake. Soma kila ukurasa kabla ya kusaini, sahihisha zile saa. Kikao cha kujadili kifo cha mama au mtoto mchanga kituoni ni kitu kingine kabisa. Kile ni cha kujifunza, hakitafuti wa kulaumiwa, hivyo muhtasari wake usiambatishe kwenye utetezi.

Kwa walio zahanati za pembezoni, Bahi au Chamwino vijijini mkoani Dodoma, utetezi mkubwa mara nyingi ni mazingira, ila yathibitishwe. Korongo limejaa Februari na gari la wagonjwa limekwama: andika saa uliyoomba gari, uliyempigia, na saa lilipofika. Umefanya kazi ya tabibu kwa sababu hayupo: je, kuna barua ulizowahi kuandika kuomba mtumishi, zenye muhuri? Oksitosini, dawa ya kuzuia damu kuvuja baada ya kujifungua, iliisha: leja ya dawa inasema nini? Kusema "tuko wachache" bila ratiba ya zamu mkononi ni malalamiko tu.

Chama chako cha wafanyakazi, iwe TUGHE (cha serikali na afya) au TALGWU (cha serikali za mitaa), kipigie siku ileile barua ilipofika. Kabla ya hapo angalia hati ya mshahara kama makato ya uanachama yanakwenda kweli, kwa sababu wapo wanaogundua siku ya shida kwamba hawakuwahi kujaza fomu.