Mama Mapacha na kuni za Nuuksio

Mama Mapacha ndo alianzisha. Ilikuwa Februari 2018, wiki ile shule za huku kusini mwa Finland zinafungwaga watoto waende kuteleza kwenye theluji, mumewe kawapeleka mapacha kwa shangazi yao Turku, usiku dada akanipigia, "mdogo wangu, kesho hauko kazi?" Nikamwambia kesho niko off. "Basi vaa muzuri, tunaenda pori." Nje nyuzi 14 chini ya sifuri. Mi mtoto wa Tanga, na siku ya off huwa nalala mpaka mchana, lakini huyu dada ndo alinipokea Espoo wakati sijui hata kukata tiketi ya basi, ndo alinionyesha duka lenye unga wa ugali, sasa namkataliaje.

Tukapanda basi la 245, likatushusha, tukapiga mguu mpaka Haukkalampi, humo Nuuksio. Nuuksio ni hifadhi ya taifa tangu 1994, ila sisi ukitutajia hifadhi ya taifa akili inaenda kwenye geti, risiti na askari wa wanyamapori. Hapa hakuna geti wala kiingilio, unapita zako. Na sio hifadhi tu, sheria yao inakuruhusu kutembea hata msitu wa mtu binafsi, ukiokota uyoga au matunda pori ni yako, marufuku ni kumkatia mtu mti wake na kuwasha moto bila ruhusa. Hiyo ya moto naomba uishike maana tutairudia.

Baridi ikiwa kali hivyo theluji inalia ukiikanyaga, kriiik kriiik, kama unga wa muhogo ukiufinya ndani ya mfuko. Njiani imeshindiliwa na watu ila ukikosea hatua moja pembeni mguu unazama mpaka gotini. Misonobari imebeba theluji mpaka matawi yameinama, tawi moja likijitikisa unamwagiwa yote shingoni. Mama Mapacha mbele, hasemi, anaangalia chini. Akanionyesha nyayo za sungura, miguu miwili mikubwa mbele na midogo nyuma, akasema usidanganyike, hiyo mikubwa ndo ya nyuma, akiruka inatangulia. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema macho.

Tukafika ziwani, akasema tukate katikati. Nikagoma. Wenyeji wanasema sentimita 5 za barafu ngumu zinambeba mtu mmoja, na Februari inakuwa nene kuliko hapo sana, najua yote hayo, nimesoma, lakini kujua ni kitu kingine na kukanyaga ni kingine. Akanishika mkono tukaenda. Tuko katikati ziwa likalia, mlio mnene unatokea kule mbali, unapita chini ya miguu yetu, unaishia ng'ambo. Mi nikakaa chini hapohapo na kumsalia Mtume juu. Yeye anacheka mpaka machozi yanamgandia kwenye kope, "simama weye, ni barafu inajinyoosha tu!"

Ng'ambo kuna kibanda cha mbao kiko wazi upande mmoja, mbele yake sehemu ya moto, pembeni banda la kuni. Hapo moto ruksa. Wenye hifadhi ndo wanaleta kuni, za koivu, ule mti mweupe, zimepangwa mpaka juu, na shoka la kupasulia lipo, anayekuja anatumia. Mi nikapita moja kwa moja kukaa. Kugeuka nyuma Mama Mapacha kasimama mlangoni mwa banda, kavua glavu, mkono kauweka juu ya kuni.

"Hizi zote ni za bure?"

Nikamwambia ndio dada.

Akaanza kusimulia huku anachagua. Yeye ni wa Uvira, Kongo, ila kakulia Nyarugusu, kule Kasulu, kambi ya wakimbizi. Kuni za kupikia mgao zilikuwa nje ya kambi, yeye na mama yake wanatoka alfajiri kwa makundi, kila mwaka zinazidi kuwa mbali, na huko porini wanawake walikuwa wanakamatwa, wanapigwa, wengine na zaidi ya kupigwa. "Kuna siku mwenzetu alirudi bila kuni, bila kanga, na hatukumuuliza." Akasema hivyo kisha akaweka gogo sawa, akalipiga shoka moja tu, pande mbili. Nyarugusu iko nchini kwangu. Miaka hiyohiyo mi niko Tanga nasoma, mama anapokea gunia la mkaa mlangoni anabishana bei na muuza. Sikuwa na cha kusema, nikamimina chai ya tangawizi.

Moto aliwasha yeye. Anabandua lile gamba jeupe kwenye kuni, jembamba kama karatasi, lina mafuta yake yaani hata likiwa na theluji linashika, moshi mweusi, halafu vijiti, halafu kuni. Maandazi yangu yalikuwa mawe, tukayachoma kwenye kijiti pamoja na soseji za ng'ombe kutoka duka la Waarabu. Akatokea mzee mmoja na skii zake, akakaa, kimya, tukampa andazi. Akala. Akaangalia mfuko. Tukampa lingine, na lingine, mpaka mfuko ukabaki mtupu, akasema asante akaondoka.

Desturi ya pale ukimaliza unawachania vijiti wanaokuja nyuma yako, kidogo tu. Mama Mapacha alipasua lundo. Koti kavua, jasho linamtoka kwenye baridi ile, mi naangalia saa, "dada, basi litatuacha!" Hasikii. "Likwende!" ndo jibu nililopata, na shoka linashuka.

Basi lilituacha kweli. Tukasimama kituoni kusubiri lingine, miguu siisikii, na yule mzee ndo kashamaliza maandazi yote.