Hamaili, mshipi wa upanga

Assalamu alaykum ndugu zangu katika imani.

Katika hadithi ya Ummu Zar'i, aliyoisimulia Bi Aisha (r.a.), wanawake 11 waliketi wakaahidiana wasifichane lolote juu ya waume zao. Wa tisa alimsifu wake kwa maneno machache: nguzo za nyumba yake ndefu, jivu lake jingi, nijadi yake ndefu. Jivu jingi ni la mtu ambaye jiko lake halizimwi kwa ajili ya wageni. Nijadi je? Ni neno la kale la Kiarabu, mshipi wa upanga, ule unaopita begani na kuuacha upanga ukining'inia ubavuni. Mume mrefu, mshipi mrefu.

Wanazuoni wanapoifasiri nijadi husema: ni hamaili. Hapo ndipo nilipokwama wiki hii, maana hamaili ni ndugu wa maneno yetu wenyewe. Mzizi wake ni kubeba, nao tunao mdomoni kila siku: hamali, himili, stahimili. Umo hata katika dua inayofunga Suratul Baqara, "wala tuhammilna", Mola wetu, usitutwike tusiyoyaweza. Miaka yote naiomba dua hii, na mzigo uliomo ndani yake ndio kwanza nausikia.

Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Jihadi, ana mlango wa hamaili na kutundika upanga shingoni. Utadhani utakuta vita humo. Amekiweka kisa alichokisimulia sahaba Anas (r.a.). Usiku mmoja watu wa Madina walishtushwa na sauti, wakatoka kuifuata. Njiani wakampokea Mtume (s.a.w.) anarudi, keshawatangulia, keshaihakikisha habari. Yuko juu ya farasi wa Abu Talha, farasi asiye na tandiko, upanga shingoni, akisema: "Msiogope, msiogope."

Upanga ulikuwa na hamaili yake ya kuubeba. Hofu ya mji mzima aliibeba yeye, akaenda nayo gizani, akarudi na neno moja alilolikariri mara mbili. Subhanallah.

Na yule farasi? Riwaya nyingine inasema alikuwa mzito wa mwendo. Mtume (s.a.w.) aliporudi akasema: "Tumemkuta ni bahari." Tangu usiku ule hakupatikana farasi wa kushindana naye.