Leo nimekula Ekadashi Kisutu

Jamani ndo natoka Kisutu saa hizi, nilienda kubadilisha koki ya jikoni kwa bibi mmoja wa Kihindu, mzaliwa wa hapahapa Dar, Kiswahili chake cha mjini kuliko changu 😂

Saa saba njaa inauma, kwenye begi nina chipsi mayai.
Nikakumbuka nyumba ile hawali nyama wala yai, hata kitunguu na swaumu hawatii, basi nikaaga nikale zangu kwenye ngazi.

"Unaenda wapi mwanangu? Mgeni kwetu ni Mungu. Kaa."

Kumbe leo Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi wao, ndo maana inakuja mara mbili kila mwezi, wanafunga, wali, ngano na maharage hawagusi. Akapakua sabudana, vile vipunje vyeupe vya muhogo, kuna viazi, karanga na bizari nyembamba. Mi nikajua hapa sishibi. Nimeongeza mara mbili.

Ila kilichonishika ni sahani.

Kuna nyumba nilifanya kazi wiki nzima nanywea kikopo changu cha plastiki kinachowekwa nje peke yake. Huyu bibi kanipa sahani ya stili sawasawa na yake, tukakaa meza moja, tulipomaliza akazikusanya zote mbili akaziosha pamoja, kwenye koki ileile niliyofunga mimi.

Chipsi nimempa konda wa daladala.

Nyie mshawahi kula kwao siku ya kufunga? Na hiyo sabudana inapikwaje isigande kama gundi?